Kabla King'ora Hakijasikika: Rangi na Alama za Magari ya Dharura

Mhadhara huu ulitolewa Dar es Salaam mbele ya madereva wa magari ya wagonjwa, askari wa zimamoto, wauguzi na wanafunzi wa uhandisi. Umepunguzwa kidogo ili uchapishwe. Maneno ya pembeni kwa wasikilizaji yameachwa yalivyo.

Shukrani za pekee ziwaendee madereva waliomaliza zamu ya usiku wakaja moja kwa moja ukumbini. Wakisinzia, waachwe wasinzie.

Mhadhara una malengo mawili. La kwanza ni kueleza kwa nini magari ya dharura yamechorwa jinsi yalivyo: miraba, mistari ya mshazari, misalaba, nyota zenye nyoka katikati, maandishi ya kinyumenyume. La pili ni kuishawishi hadhira hii kwamba michoro hiyo ina kazi moja kubwa, nayo ni kumpunguzia dereva mwingine muda wa kujiuliza "lile gari gani?" Na muda huo hupungua pale tu magari yote ya kazi moja yanapofanana. Kuongeza rangi na taa peke yake hakusaidii kitu. Hoja ziko tano na hazilingani urefu. Ya tatu ina mambo mengi, ya tano itapita upesi.

1. Kuonekana ni jambo moja, kutambulika ni jingine

Chukueni Land Cruiser nyeupe inayotoka Morogoro kuja Dar es Salaam, saa kumi na mbili na robo jioni. Haina shida ya kuonekana. Juu ya paa ina kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa kimulimuli, keria ya mizigo, au antena ya mradi wa maji. Magari meupe ya aina hiyo yanaendeshwa na hospitali, wizara, halmashauri, mashirika ya misaada na makampuni ya utalii. Dereva wa lori aliye mbele ameliona gari kwenye kioo chake; bado hajalitambua. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula mita 22 kila sekunde. Akijiuliza kwa sekunde tatu, mita 66 zimeshakwenda kabla hajafikiria kusogea pembeni.

Waingereza walilishughulikia swali hili katikati ya miaka ya 1990. Magari ya polisi wao wa barabara kuu yalikuwa meupe na yenye mkanda mwekundu ubavuni, na wananchi waliyapachika jina la utani, sandwichi ya jemu. Kitengo cha utafiti wa kisayansi cha polisi kikapewa kazi ya kubuni mchoro utakaofanya gari la polisi litambulike mchana kutoka umbali wa mita 500. Jibu lilikuwa miraba mikubwa ya buluu na njano inayopokezana ubavuni, na watu wakaiita Battenburg, kwa kufananisha na keki ya Kiingereza ambayo ukiikata unakuta vipande vya waridi na njano. Polisi walibaki na buluu na njano. Magari ya wagonjwa yakapewa kijani na njano, zimamoto nyekundu na njano. Faida yake inapigika hesabu: kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa, mita 500 ni kama sekunde 16. Ndani ya sekunde hizo dereva anaweza kupunguza mwendo, kutazama vioo na kubadilisha njia bila kumgonga mtu.

Miraba hiyo ina babu yake. Mwaka 1932 Percy Sillitoe, mkuu wa polisi wa Glasgow, aliwavika askari wake kofia zenye utepe wa miraba midogo myeusi na myeupe, akiiga kofia za vikosi vya Uskoti. Shabaha ilikuwa askari asichanganywe na watumishi wengine wa mjini waliovaa kofia za umbo lilelile. (Wapenzi wa historia watafurahi kusikia kwamba bwana huyo aliwahi kuwa ofisa wa utawala hapa Tanganyika, kuanzia 1916 hadi 1920, kabla hajarudi kwao na kupanda ngazi za polisi.) Mwaka 1961 polisi wa jimbo la Australia Kusini waliichukua miraba hiyo, na leo iko kwenye kofia na magari ya polisi wa nchi nyingi.

Sasa kuna mtego ambao wabandikaji stika wa mjini wanauingia kila siku. Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimepamba moto, mchoraji Norman Wilkinson aliwashauri wanamaji wa Uingereza wapake meli zao mistari na pembe za rangi zinazogongana. Meli hizo zilionekana vizuri kupita kiasi, lakini nahodha wa nyambizi aliyezitazama alipata taabu kukadiria zinaelekea wapi na zina mwendo gani. Miraba midogo na mingi iliyojazwa kwenye gari fupi hufanya kazi ileile ya Wilkinson: inalivunjavunja umbo la gari. Jicho la mbali halioni tena gari, linaona vurugu ya rangi. Anayetaka miraba aweke michache na mikubwa, na aachie nafasi.

Mliokaa upande wa madirisha, tazameni gari lililoegeshwa pale chini ya mwarobaini. Wenyewe wametukubalia tulitumie kama mfano, mradi hospitali yao isitajwe. Kwenye boneti limeandikwa AMBULANCE kinyumenyume ili dereva wa mbele alisome likiwa sawa ndani ya kioo chake. Herufi A, M na U hazina haja ya kugeuzwa kwa kuwa pande zake mbili zinafanana. B, L, C na E zimegeuzwa vizuri. N imesahaulika, imebaki kama ilivyo kitabuni. Si kosa kubwa, na neno linasomeka. Tena neno hilo lina bahati, maana Wafaransa nao huliandika vivyo hivyo, kwa hiyo gari hili likifika Bujumbura au Goma maandishi yake bado yanafanya kazi. Tatizo lake liko kwa msomaji. Bodaboda wengi wameng'oa vioo vya pembeni au wamevikunja kwa ndani ili wapenye kwenye foleni. Huyo hataisoma boneti yoyote, hata iandikwe kwa dhahabu.

Nyuma ya gari hilohilo kuna somo jingine. Mtindo wa Uingereza, na kiwango cha zimamoto cha Marekani kuanzia mwaka 2009, unataka mgongo wa gari uwe na mistari mipana ya rangi mbili iliyolala kwa nyuzi 45, kama V iliyopinduliwa. Mistari hiyo imekusudiwa gari lililosimama kwenye ajali, likiwa limewapa mgongo madereva wanaokuja kasi. Mtindo huo ulibuniwa kwa magari yenye mgongo mpana ulio wazi. Land Cruiser yetu ina milango miwili nyuma, bawaba, ngazi, na tairi la akiba katikati. Aliyelibandika gari lile alianza mistari vizuri kutoka kulia, akafika kwenye tairi, akaruka, akaendelea upande wa pili bila kulinganisha. Dawa yake ni rahisi: kava la tairi lenye mistari inayoungana na ile ya mlangoni. Mafundi wa turubai wa Kariakoo wanaweza kulishona kwa siku moja.

2. Jicho la mchana na jicho la magharibi

Gari la zimamoto ni jekundu karibu dunia nzima, na mtoto wa chekechea ukimwambia alichore atatafuta kalamu nyekundu. Hata hivyo, nyekundu ni rangi inayolitupa mkono jicho pale giza linapoingia. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanafiziolojia wa Bohemia, Jan Purkyně, aligundua kwamba maua mekundu yaliyong'aa mchana huwa meusi mapema magharibi ikiingia, huku majani ya kijani na maua ya buluu yakiendelea kuonekana. Sababu ni kwamba jicho lina mitambo miwili. Wa mchana una uwezo mkubwa kwenye mwanga wa nanomita 555, yaani kijani kinachokaribia njano. Wa usiku umesogea hadi karibu nanomita 507, na nyekundu ni kama hauioni.

Daktari wa macho wa jimbo la New York aliyekuwa pia mzimamoto wa kujitolea, Stephen Solomon, aliichukua elimu hiyo akaipeleka barabarani. Mwaka 1995, yeye na mwenzake James King walichapisha uchambuzi wa ajali za magari ya zimamoto ya jiji la Dallas, ambalo wakati huo lilikuwa na magari ya nyekundu na nyeupe pamoja na mengine ya njano ya ndimu na nyeupe. Kwenye ajali zilizohusu kuonekana, hatari ya magari yenye nyekundu ilifikia hadi mara tatu ya yale ya njano ya ndimu.

Je, basi tupake magari yote ya zimamoto rangi ya ndimu? Miji kadhaa ya Marekani ilifanya hivyo, na mingine ikarudi kwenye nyekundu. Wananchi wanajua zimamoto ni nyekundu, na gari wasilolijua hawalipishi, hata liwake kama jua. Hapa hoja ya kwanza inaipiga kumbo hoja ya pili. Mzungumzaji anaona njia ya kati ndiyo salama: mwili wa gari ubaki mwekundu, na njano ya kung'aa iwekwe kwenye mkanda, kwenye mistari ya mgongoni na kuzunguka kingo za gari. Nyekundu inaleta jina, njano inaleta umbo. Kwa magari ya wagonjwa nchi nyingi za Ulaya zimechagua njano ya mwili mzima, na kuna sababu ya ziada: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu 8 kati ya 100 wanachanganya nyekundu na kijani kwa namna moja au nyingine. Njano haiwapigi chenga wengi wao.

Stika zenyewe ziko za aina mbili, na maduka yetu huziuza kwa jina moja, riflekta. Aina ya kwanza ina rangi inayokula miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Hii hung'aa mchana wa mawingu, alfajiri na jioni. Usiku haina nguvu hiyo. Aina ya pili ina vishanga vya kioo au vijipembe vidogo sana vinavyorudisha mwanga pale ulikotoka. Usiku, taa za gari lako zikiipiga, mwanga unarudi kwako kwa sababu macho yako yako karibu na taa zako. Mwenda kwa miguu asiye na tochi haoni kitu. Gari la dharura linahitaji zote mbili.

Ripoti ya mwaka 2009 ya idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilishauri stika za kurudisha mwanga ziwekwe chini chini mwa gari, mahali taa za magari mengine zinapopiga, na zifuatishe kingo ili umbo la gari lisomeke. Ushauri mzuri. Ila aliyeuandika hajapita barabara ya vumbi kati ya Liwale na Nachingwea. Chini chini ndipo vumbi na tope vinapokaa, na riflekta yenye tope haina tofauti na bati. Kwa hiyo kwenye orodha ya ukaguzi wa asubuhi, pamoja na oksijeni, mafuta na upepo wa tairi, kiandikwe kitambaa chenye maji. (Madereva wanatikisa vichwa. Wanajua ni nani atakayeambiwa afute.)

3. Msalaba Mwekundu hauna maana ya "hospitali"

Hii ndiyo hoja itakayowaudhi baadhi ya wenye magari, na mzungumzaji anaomba radhi mapema bila kuilegeza.

Tarehe 22 Agosti 1864, wawakilishi wa nchi 12 walitia saini mjini Geneva mkataba wa kuwalinda majeruhi wa vita na wanaowahudumia. Miaka mitano kabla, mfanyabiashara wa Uswisi, Henri Dunant, alikuwa ameshuhudia Solferino, kaskazini mwa Italia, jinsi maelfu ya wanajeshi walivyoachwa uwanjani bila tiba. Mkataba ule ulichagua alama moja kwa majeshi yote: msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Katika vita vya Urusi na Uturuki vya miaka ya 1870 Waturuki wakatumia hilali nyekundu, ambayo mkataba wa 1929 uliikubali. Ndiyo inayotumiwa na majirani zetu wa Somalia na Komoro. Mwaka 2005 ikaongezwa kristali nyekundu, umbo la mraba uliosimama kwa pembe yake, kwa wasiotaka msalaba wala hilali.

Alama hizo zote zinasema neno moja: usipige. Zinamwambia mtu mwenye bunduki kwamba gari hili si la upande wowote, limebeba mtu asiyepigana. Ndiyo maana Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, katika kifungu cha 53, unakataza watu binafsi na makampuni kuitumia alama hiyo wakati wowote, vita vikiwepo visiwepo. Kifungu cha 44 kinaacha mlango mdogo wakati wa amani. Gari la wagonjwa linaweza kuruhusiwa kuweka msalaba mwekundu iwapo sheria ya nchi inakubali, chama cha taifa cha Msalaba Mwekundu kimetoa idhini ya wazi, na gari hilo limetengwa kwa ajili ya kuhudumia majeruhi na wagonjwa bure.

Bure. Tulirudie hilo polepole, kwa sababu mjini hapa mna magari yenye msalaba mwekundu ubavuni ambayo kabla hayajawasha injini mhasibu anataka kwanza aone ujumbe wa malipo kwenye simu.

Tanganyika ilitunga sheria ya chama chake cha Msalaba Mwekundu mwaka 1962, na Kenya mwaka 1965. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye zahanati, kwa upole, afute. Duka la dawa, sanduku la huduma ya kwanza na zahanati ya mtaani vina alama yao inayokubalika kimataifa, msalaba mweupe kwenye kijani, na haina kodi.

Mwaka 2017 magazeti ya Uingereza yalijaa kicheko. Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo ulikuwa umewaandikia watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Prison Architect, kwa sababu kigari cha wagonjwa ndani ya mchezo kilikuwa na msalaba mwekundu wa nukta chache tu kwenye kioo cha kompyuta. Waliubadilisha ukawa wa kijani. Wengi waliona ni ukorofi wa wanasheria wasio na kazi. Kabla nasi hatujacheka, tuvuke mpaka wa Rusumo.

Aprili 1994, Kigali, wakati wa mauaji ya kimbari. Redio RTLM ilitangaza kwamba magari ya Msalaba Mwekundu yanasafirisha maadui waliojifanya majeruhi. Tarehe 14 gari la Msalaba Mwekundu wa Rwanda lilisimamishwa kwenye kizuizi, na majeruhi waliokuwa ndani wakatolewa na kuuawa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoongozwa Kigali na Philippe Gaillard, ilisitisha kusafirisha majeruhi na kulalamika hadharani mbele ya dunia. Baada ya hapo redio ileile ikageuza maneno, na magari yakaanza tena kupita vizuizini. Rangi ya gari haikuwa imebadilika, wala mchoro wake. Kilichoondoka na kurudi ni imani ya vijana waliosimama pale kizuizini wakiwa na mapanga, imani kwamba alama ile ni ya kweli.

Imani hiyo inaweza kuharibiwa hata na watu wenye nia njema. Julai 2008 jeshi la Kolombia liliwakomboa mateka 15 msituni, akiwemo mwanasiasa Ingrid Betancourt, kwa hila: askari walijifanya wafanyakazi wa shirika la misaada. Dunia ilishangilia. Wiki mbili baadaye Rais Álvaro Uribe alilazimika kukiri na kuomba radhi kwa sababu mmoja wa askari hao alikuwa amevaa alama ya Msalaba Mwekundu. Hakuna aliyekufa siku ile. Lakini dereva wa kesho atakayefika kwenye kizuizi cha waasi na gari lenye msalaba ataulizwa maswali mengi zaidi, na majibu yake hayatasadikiwa upesi.

4. Nyota ya Uhai na mikono yake sita

Kama msalaba mwekundu si wetu, tutaweka nini? Wamarekani waliulizwa swali hilo mwaka 1973. Magari yao ya wagonjwa yalikuwa na msalaba wa rangi ya chungwa, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukalalamika kwamba unafanana mno na wao. Serikali iliona malalamiko ni ya haki. Leo Schwartz, mkuu wa tawi la huduma za dharura katika mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, akabuni nyota ya buluu yenye mikono sita, na mwaka 1977 ikasajiliwa kisheria. Mnaifahamu. Iko kwenye kioo cha nyuma cha gari la pale chini ya mwarobaini, ingawa tairi la akiba limeimeza nusu.

Katikati yake mna fimbo yenye nyoka mmoja, fimbo ya Asclepius, mungu wa tiba wa Wayunani wa kale. Nyoka huyo ndiye yumo pia kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani. Wapo wanaochora fimbo yenye nyoka wawili na mabawa. Hiyo ni ya Hermes, mjumbe na mlinzi wa wafanyabiashara, na kosa hilo hata jeshi la Marekani lililitia kwenye sare za madaktari wake mwaka 1902. (Kwa baadhi ya magari yaliyotajwa katika hoja iliyopita, pengine Hermes ndiye anayefaa.)

Mikono sita ndiyo yenye mafunzo. Kila mmoja ni hatua: kugundua tukio, kutoa taarifa, kufika, kuhudumia palepale, kuhudumia njiani, kumkabidhi mgonjwa kwenye tiba kamili. Nyota hiyo kwa hiyo inatangaza mfumo mzima, na gari ni sehemu tu ya mfumo huo. Mtu anayebandika nyota kwenye gari lenye kitanda kitupu na dereva asiyejua kufunga kidonda ametangaza hatua sita huku anayo moja na nusu.

Mfano mzuri wa nyumbani upo, tena unafanya kazi bila nyota. Mwaka 2022, baada ya majaribio Kanda ya Ziwa, mpango wa m-mama ulianza kuenezwa Tanzania nzima. Mama mwenye uchungu uliokwenda vibaya, au ndugu yake, hupiga 115 bila malipo. Kituo hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu; lisipopatikana huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake, na nauli yake hulipwa kwa simu. Kugundua, kutoa taarifa, kufika, kukabidhi: mikono minne imekamilika. Ila teksi ile ikishaingia foleni ya mjini, kwa umbo na rangi ni gari la kawaida, na hakuna anayejua kwamba nyuma kuna mama anayevuja damu.

Hali hiyo tunaikumbuka. Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka Nairobi, majeruhi wengi walifikishwa hospitali kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi yaliyowasha taa zote na kupiga honi mfululizo.

5. Kimulimuli cha kila mtu

Kwa ufupi, maana saa inakimbia. Kila gari binafsi linalofunga kimulimuli au king'ora ili liruke foleni linamfundisha dereva wa daladala kutosogea. Polisi wetu hukamata magari hayo kwa vipindi, kisha msako unapoa. Misafara ya wakubwa isiyokwisha nayo inafundisha somo hilohilo, na hapo mzungumzaji anaishia, kwa sababu baadhi ya waheshimiwa wamekuja na misafara yao.

Mbele ya safari

Wapo watakaosema kwamba kufananisha magari ni ndoto ya nchi tajiri. Wakumbuke Februari 2004, siku kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Kenya. Pamoja na mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, kila matatu ililazimika kuwa na mstari wa njano unaozunguka mwili wake. Maelfu ya magari yalipakwa. Hapa Dar es Salaam, mkanda wa rangi kwenye daladala unamwambia abiria gari linakwenda njia ipi kabla konda hajafungua mdomo. Watu wetu wanasoma mistari. Wanajua kwamba matawi yaliyotupwa barabarani yana maana ya gari bovu mbele, na nchini Kenya vitambaa vyekundu kwenye msururu wa magari ni vya msiba. Hakuna haja ya kuwafundisha kusoma. Wanahitaji kuandikiwa kwa namna moja.

Yanayopendekezwa si mengi. Wizara za afya na mashirika ya viwango ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki yakae mezani na kuchagua mchoro mmoja wa gari la wagonjwa, kwa kuwa wagonjwa wa rufaa wanavuka Namanga, Horohoro na Rusumo, na dereva wa upande wa pili anapaswa kulijua gari hilo bila kuuliza. Uwe na miraba michache, mikubwa, na njano iwemo. Uandikwe kwa vipimo vya Land Cruiser yenye tairi nyuma, kisha vya basi dogo, kisha vya bajaji ya wagonjwa na boti ya wagonjwa, maana Ukerewe na Mafia nako wanazaa. Kabla haujapitishwa, wanafunzi wa uhandisi mliomo humu mbandike magari mawili, moja kwa mtindo wa sasa na moja kwa mtindo mpya, mkasimame kando ya barabara saa kumi na mbili na nusu jioni na saa ya kupimia, mwone lipi linatambuliwa mapema na madereva wasiojua kama wanapimwa. Yawe na vumbi, yasioshwe kwanza.

Na dereva wa jamii wa m-mama apewe kibao cha sumaku chenye rangi hizohizo, cha kubandika ubavuni na nyuma pale tu kituo kinapompa safari, chenye namba ambayo askari yeyote anaweza kuihakiki kwa simu. Akimshusha mama, anakibandua na kurudi kwenye teksi yake. Namna ya kuzuia kibao hicho kisiazimwe na mtu anayewahi harusi ni kazi ambayo mhadhara huu unaiacha kwa maofisa wa usalama barabarani waliopo.

Ndugu Mwenyekiti, muda wa maswali umefika. Tunaomba madereva waanze, wahandisi wafuate, na waheshimiwa wenye misafara wamalizie.